Maswali ya Wasomaji: Gari Linalotetemeka Baada ya Kubadilishwa Giaboksi

SWALI: Ndugu Mwandishi, salaam. Nina Toyota Hiace ya gia za manyuali ambayo naitumia kubebea machungwa, nazi na mihogo kutoka Mkuranga kuja soko la Temeke Stereo. Giaboksi yake ya zamani ilianza kutema gia ya tano, nikanunua nyingine ya mtumba Gerezani, na fundi wa mtaani kwetu akaifunga kwa siku moja. Gia sasa zinaingia vizuri na hakuna mlio wowote, lakini gari likifika kilomita 70 kwa saa linaanza kutetemeka sakafuni na kwenye viti. Mtetemo huzidi kwenye 80, na nikipita 90 hupungua kidogo. Usukani wenyewe hautikisiki sana. Nikiwa na mzigo mzito hali huwa afadhali, nikirudi mtupu inakuwa mbaya. Springi za nyuma niliziongeza pleti miaka mingi iliyopita na gari halikuwahi kufanya hivi. Fundi aliyefunga anasema giaboksi niliyonunua ni mbovu, nitafute nyingine. Fundi wa pili anasema tatizo ni injini. Baada ya kazi nilikuta kwenye beseni la bolti vipande viwili vya chuma bapa vyenye matundu, nikaambiwa havina kazi. Nifanye nini kabla sijatoa fedha nyingine? — Msomaji, Mbagala Rangi Tatu.

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue giaboksi nyingine kwa sasa, na hivyo vipande viwili vya chuma usivitupe. Barua yako ina dalili nyingi kuliko unavyodhani, na karibu zote zinaelekeza nyuma ya giaboksi, si ndani yake. Giaboksi iliyoharibika ndani kwa kawaida hujitangaza kwa sauti: beringi iliyokwisha huvuma, jino lililovunjika hugonga, na sinkronaiza zilizochoka, zile pete zinazolinganisha kasi ya gia, hukwaruza gia inapoingizwa. Wewe unasema gia zinaingia vizuri na hakuna mlio. Mtetemo usio na kelele, unaochagua mwendo fulani na kuuacha mwingine, ni tabia ya kitu kirefu kinachozunguka kwa kasi bila kukaa sawa, na katika gari lako kitu hicho ni propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, yaani fungu la gia lililo kati ya tairi za nyuma.

Hata hivyo, sitaki uchukue neno langu ukampelekee fundi kama hukumu. Kabla ya kufungua hata bolti moja ni lazima ijulikane mtetemo unafuata nini, maana mtetemo unaofuata mizunguko ya injini una chanzo tofauti kabisa na ule unaofuata mwendo wa gari barabarani, na ule unaotokea injini inapokamuliwa nguvu ni jambo jingine tena. Mafundi wengi huiruka hatua hii kwa sababu haionekani kuwa kazi, na mwenye gari naye anaona ajabu kulipia matembezi ya barabarani. Nusu saa hiyo ndiyo inayookoa gharama ya giaboksi ya pili.

Anza gari likiwa limesimama. Vuta handibreki, weka frii, kisha piga resi polepole mpaka injini ifike kwenye mizunguko ileile unayoipata ukiwa kwenye 80 kwa gia ya tano. Kama hakuna saa ya mizunguko kwenye dashibodi, sikio la dereva aliyelizoea gari lake linatosha. Gari likitetemeka hapo, hali tairi na propela havizunguki, basi chanzo ni injini, klachi au flaiwili (lile gurudumu zito la nyuma ya injini), na fundi wa pili atakuwa amesema kweli. Ukiona hivyo, kanyaga klachi huku resi ikiwa palepale: pleti ya klachi na shafti ya kuingilia kwenye giaboksi zitasimama, lakini flaiwili na presha pleti, lile bamba linaloibana pleti ya klachi, zitaendelea kuzunguka. Mtetemo ukiisha, mtuhumiwa ni pleti ya klachi au shafti ile. Ukiendelea, ni flaiwili, presha pleti iliyofungwa vibaya, au injini yenyewe.

Kama gari limetulia likiwa limesimama, nenda barabarani. Kwako wewe panapofaa ni Barabara ya Kilwa ukishapita Vikindu, asubuhi mapema, kwenye kipande kilichonyooka kisicho na makazi, ukiwa na mtu wa pili wa kuandika ili wewe usihangaike na kalamu. Shika 80 kwa gia ya tano, kisha shika 80 ileile kwa gia ya nne. Katika giaboksi nyingi za magari yanayosukumwa na tairi za nyuma, gia ya nne ni ya moja kwa moja, yaani injini na propela huzunguka sawasawa, ilhali kwenye gia ya tano injini huzunguka taratibu kuliko propela. Kwa hiyo ulipotoka gia ya tano kwenda ya nne umebadilisha mizunguko ya injini, lakini propela, difu na tairi hukuzigusa. Mtetemo ukibaki vilevile, injini haina hatia.

Jaribio la mwisho la barabarani ni kufika 85, kukanyaga klachi na kuliacha gari liteleze lenyewe mpaka 65. Usizime injini hata kidogo, kwa sababu usukani unaweza kujifunga na breki hupoteza msaada wake. Mtetemo ukiendelea wakati gari linateleza, kuna kitu kinachozunguka kisicho na balansi, ama propela ama tairi. Ukikatika mara tu unapoondoa nguvu na kurudi unapokanyaga mafuta, tazama zaidi pembe za propela, krosi (viungo vinavyoiruhusu propela kujikunja) zilizolegea, na mauntingi, ile mipira inayobeba injini na giaboksi.

Propela na tairi nazo zinatenganishwa kwa hesabu rahisi. Tairi ya Hiace husafiri takriban mita 2.1 kila inapomaliza mzunguko mmoja. Kwenye 80, gari linakwenda zaidi kidogo ya mita 22 kwa sekunde, hivyo tairi inazunguka mara 10 au 11 kwa sekunde. Difu lenye uwiano wa 4.1 kwa 1 linataka propela izunguke mara 43 hivi katika sekunde hiyohiyo, ambayo ni karibu mizunguko 2,600 kwa dakika. Ndiyo maana tairi isiyo na balansi hutikisa kwa pigo la polepole ambalo, kwa tairi za mbele, mikono huliona kwenye usukani, wakati propela hutoa mtetemo mwembamba wa haraka unaopanda kupitia sakafu na viti, kama ulivyoeleza. Zipo programu za bure za simu zinazopima mtetemo na kutaja idadi ya mapigo kwa sekunde. Iweke simu bapa sakafuni, si mkononi, abiria wako aisome. Ikionyesha 10 au 11, shughulikia tairi. Ikionyesha 40 na kitu, au mara mbili ya hapo, lala chini ya gari.

Sasa nirudi kwenye neno lako kwamba mzigo unapunguza mtetemo, kwa sababu kwangu hilo ndilo lililo zito kuliko yote. Krosi ya propela ina tabia ambayo Robert Hooke, mwanasayansi wa Uingereza, aliichambua tangu karne ya 17: ikikunjwa kwa pembe, upande unaoingiza nguvu unaweza kuzunguka kwa kasi isiyobadilika, lakini upande unaopokea huharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Pembe ikiwa digrii 3, mabadiliko hayo ni kama asilimia 0.14 juu na chini, kiasi ambacho hutakisikia. Pembe ikifika digrii 10 yanakuwa karibu asilimia 1.5, yaani zaidi ya mara kumi, ingawa pembe yenyewe imeongezeka mara tatu na kidogo tu. Dawa ambayo watengenezaji hutumia ni kuweka krosi ya pili yenye pembe inayolingana na ya kwanza, ili kile kilichoharibiwa mbele kirekebishwe nyuma. Dawa hiyo hufanya kazi kwa masharti: shafti ya mkia wa giaboksi na pinioni ya difu, yaani gia yake ya kuingilia, ziwe sambamba, na yoki za propela, yaani zile uma zinazoshika krosi, zikae katika mpangilio uleule wa kiwandani.

Gari lako, kwa kuwa liliongezwa pleti, hukaa juu nyuma likiwa tupu. Bodi inapokuwa juu, propela hushuka kwa mteremko mkali zaidi kuelekea difu, na pembe za krosi huwa kubwa. Mzigo ukiishusha bodi, pembe hupungua na wewe unapata nafuu. Lakini umesema hali hiyo ya springi ilikuwapo miaka yote bila mtetemo. Basi kilichobadilika kipo upande wa mbele, na hapo ndipo vile vipande vyako vya chuma vinapoingia.

Vipande bapa vyenye matundu vinavyotoka kwenye kazi ya kushusha giaboksi, kwa uwezekano mkubwa, ni vya kuinulia. Hukaa mahali pawili: kati ya mauntingi ya nyuma ya giaboksi na krosimemba, ile boriti ya chuma inayoibeba, au, kwa propela ya vipande viwili, kati ya bodi na senta beringi, ile inayoishika propela katikati. Inawezekana hata viliwekwa na yule aliyekuongezea pleti, ili kuzirudisha pembe mahali pake. Chukua vipande hivyo uvilinganishe na sehemu zote mbili. Chuma kilichobanwa kwa miaka mingi hubaki na ushahidi: utaona duara linalong'aa mahali washa, kile kipete cha chini ya bolti, ilipokandamiza, limezungukwa na kutu na matope makavu, na umbali kati ya matundu utalingana na bolti za mahali kilipotoka. Tafuta duara la namna hiyo pia kwenye uso wa krosimemba na kwenye kishikilio cha senta beringi. Ukilipata, umepata nyumbani kwake.

Usidharau unene wake kwa kuwa ni mdogo. Mkia wa giaboksi ukishuka milimita 10, na mauntingi za injini zikiwa mbele yake kwa sentimita 80 hivi, mwelekeo wa shafti ya giaboksi hubadilika kwa karibu digrii 0.7. Kiasi hicho kinatosha kuharibu usambamba uliokuwapo, kwa sababu tofauti kati ya mwelekeo wa giaboksi na wa pinioni hupendelewa isizidi digrii 1.

Vikisharudishwa, au hata kama vimeonekana si vya hapo, mwombe fundi apime pembe. Simu yenye kipimo cha mwinamo inafaa, mradi iwekwe kwenye uso ulionyooka wa chuma kisicho na matope. Apime mkia wa giaboksi, kila kipande cha propela, na flanji ya difu, ile sahani ya bolti inayofungiwa propela, gari likiwa tupu juu ya sakafu tambarare na limesimama kwa tairi zake. Kama hakuna shimo na ni lazima linyanyuliwe, stendi ziwekwe chini ya ekseli na si chini ya chasisi, kwa maana ekseli ikining'inia pembe zote hubadilika na vipimo havina maana tena. Kila krosi inayofanya kazi kwa mwendo wa barabara kuu ikae chini ya digrii 3 hivi, lakini isiwe sifuri kabisa. Krosi isiyo na pembe yoyote haizungushi zile pini ndogo za ndani, nazo huchimba mahali pamoja mpaka zinakwama. Kipande cha mbele cha propela ya vipande viwili kinatakiwa kukaribia mstari mmoja na giaboksi.

Akiwa bado chini ya gari, aitazame propela kwa jicho la mtu anayejua kwamba ilifunguliwa. Giaboksi ya Hiace haishuki mpaka propela itoke, na madhara mengi hutokea katika dakika hizo chache. Je, flanji ziliwekwa alama ya rangi au ya patasi kabla ya kufunguliwa, na je, alama hizo zinakutana sasa? Kama propela ilichomoka kwenye splaini zake, yale meno marefu ya shafti, na kurudishwa ikiwa imeruka meno, yoki zitakuwa zimepoteza mpangilio, na hapo hata propela mpya kabisa itatetemeka. Je, iliachwa ining'inie kwa krosi moja wakati fundi anahangaika na bolti za giaboksi? Uzito ule unaweza kuumiza krosi na kuchana mpira wa senta beringi. Je, kuna vipande vidogo vya bati vilivyochomelewa kwenye bomba la propela ambavyo kimoja kimebanduka na kuacha alama mbili za kuchomelea? Vipande hivyo ndivyo vinavyoipa propela balansi yake. Je, bomba limebonyea mahali jeki au mnyororo ulipogusa?

Krosi ipimwe ikiwa imefunguliwa upande mmoja. Ikikunjwa kwa vidole inatakiwa iende laini pande zote. Ikikwama katikati, kana kwamba kuna kishimo inachokipenda, imekwisha hata kama haina mchezo wowote. Senta beringi ishikwe na kusukumwa juu na chini: mpira ukiwa umepasuka, propela huanza kujirusha kadiri mwendo unavyoongezeka.

Kama pembe ni sahihi, krosi ni nzima na alama hazikuwahi kuwekwa, kuna jaribio lisilogharimu kitu. Fungua bolti nne za flanji ya difu, izungushe propela nusu mzunguko, funga tena, nenda barabarani. Flanji na propela kila moja ina upungufu wake mdogo wa uduara. Zikikutana vibaya hujumlishana, zikikutana vizuri hufutana. Hali ikibadilika, iwe kwa nafuu au kwa kuzidi, umethibitisha kwamba propela ndiyo yenye kesi, na hatua inayobaki ni kuipeleka nzima, pamoja na senta beringi yake, kwenye karakana yenye mashine ya kubalansi propela. Ninasisitiza mashine, kwa sababu kuchomelea bati kwa kukisia ni kubahatisha na shingo za watu.

Giaboksi yenyewe nimeiacha mwisho makusudi. Ipo sehemu mbili za kuichunguza. Ya kwanza ni mkiani: kama propela yako huingia kwenye giaboksi kwa yoki inayoteleza, ishike yoki hiyo na kuitikisa juu na chini. Bushi ya mkia ikiwa imelika, yoki itacheza na kutetemeka hata kama kila kitu kingine ni kizuri, na oili mara nyingi huvuja hapohapo. Hakikisha pia kwamba giaboksi uliyouziwa ina urefu sawa na ya zamani, kwani iliyotoka kwenye toleo tofauti la Hiace inaweza kuiacha yoki ikiwa imeshika kipande kifupi tu cha splaini, au ikiwa imejaa mpaka mwisho na kugonga kila gari linapoingia kwenye shimo.

Ya pili ni pale giaboksi inapokutana na injini. Kwenye uso huo huwa kuna pini za chuma za kuelekezea, ambazo kazi yake ni kuhakikisha shafti ya giaboksi inaingia katikati kabisa ya flaiwili. Pini hizo hupotea kirahisi giaboksi inapobadilishwa, kwa sababu hubaki kwenye injini au kwenye giaboksi ya zamani iliyokwisha kupelekwa kwa wauza vyuma chakavu, na bolti peke yake haziwezi kuifanya kazi ile. Kipande cha tope kilichobanwa kati ya nyuso mbili huleta madhara hayohayo. Mtetemo wa namna hii, hata hivyo, ungeonekana kwenye jaribio la gari lililosimama, na ndiyo maana sikushauri kushusha giaboksi tena kabla ya jaribio hilo.

Kuhusu fundi wako, mrudie kwa heshima na umpe matokeo ya majaribio yakiwa yameandikwa. Kazi ya siku moja si lazima iwe kazi mbaya, na yeye ndiye anayekumbuka kipi kilitoka wapi. Lakini neno la kwamba kipande kilichobaki kwenye beseni hakina kazi, hilo usilikubali kutoka kwa fundi yeyote.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu ninayeishi Tabata. Gari langu ni Toyota IST ya otomatiki, lililowekwa giaboksi nyingine hivi karibuni. Nikisimama kwenye taa za Buguruni likiwa kwenye D, dashibodi na usukani vinatetemeka. Nikirudisha N linatulia. Zaidi ya hapo, nikitembea taratibu kwenye kilomita 60 hivi kwa saa, bila kukanyaga mafuta sana, linatikisika kwa muda mfupi kama linalopita juu ya rasta, kisha linaacha. Je, hilo ni tatizo moja au mawili?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Nionavyo mimi ni mawili, na yote mawili yanaweza kuwa madogo.

La kwanza ni la mauntingi. IST inayosukumwa na tairi za mbele haina propela; injini na giaboksi vimelala kwa upana mbele na kubebwa na mauntingi za mpira, na ili giaboksi ishuke, baadhi yake hufunguliwa. Ukiweka D na kushikilia breki, injini husukuma dhidi ya mipira hiyo. Mpira uliokwisha, au mzima uliobanwa ukiwa umepinda, hupeleka mtetemo wote kwenye bodi, lakini ukirudisha N msukumo huondoka na gari hutulia. Mwombe fundi alegeze bolti za mauntingi zote bila kuzitoa, aiwashe injini kwenye N kwa muda ili ikae mahali pake yenyewe, aizime, kisha abane. Kazi hii mara nyingi inatosha bila kununua chochote. Aangalie pia kama injini inashuka mno kwenye mizunguko inapowekwa D, kwa sababu injini inayozunguka chini ya kiwango chake hutetemeka hata ikiwa na mauntingi mpya.

La pili linahusu oili. Ndani ya giaboksi ya otomatiki yenye toka konveta, kile kifaa cha oili kinachounganisha injini na giaboksi, kuna klachi ndogo inayojifunga gari linapokwenda kwa mwendo tulivu, ili kuokoa mafuta. Ikipewa oili ya aina isiyo yake, au oili iliyochoka, hujifunga kwa kushikashika badala ya kushika mara moja, na hiyo ndiyo rasta unayoisikia. Unaweza kuithibitisha kwenye barabara iliyo wazi: mtikisiko unapoanza, uguse breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto bila kuachia mafuta. Katika magari mengi kitendo hicho huifungua klachi ile, na mtikisiko hukatika papo hapo. Kama mguu wa kushoto haujazoea kazi hiyo, mwachie fundi afanye. Katika Toyota nyingi aina ya oili inayotakiwa imeandikwa kwenye kijiti cha kupimia. Muulize fundi aliweka ipi, na usiridhike na jibu la kwamba zote ni haidroliki. Baadhi ya IST zina giaboksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, na oili yake haichanganywi na nyingine kabisa.

Kama siku moja gari litatetemeka pia kwenye kona au unapoondoka kwa nguvu kupanda mlima, hapo nitaomba draivu shafti, zile zinazozungusha tairi za mbele, zitazamwe, hasa jointi za ndani zinazochomekwa kwenye giaboksi, kwa sababu nazo zilitolewa.

SWALI: Shikamoo fundi. Mjomba wangu ana Hilux ya 4WD iliyobadilishwa giaboksi. Inatetemeka sana kuanzia kilomita 60 kwa saa, na Ijumaa anataka kuiendesha mpaka Tanga. Anasema ataitengeneza akirudi. Nimweleze nini? — Kijana wa Kimara.

JIBU: Marahaba. Mweleze asiende nayo. Mtetemo mkubwa namna hiyo kwenye mwendo mdogo huweza kuwa wa krosi inayokaribia kukatika au bolti za flanji zilizolegea, na propela ikikatika upande wa mbele wakati gari linakwenda, ncha yake huweza kuchimba lami na kulirusha gari. Barabara ya kwenda Tanga ina malori na mabasi mengi, na atakayeumia huenda asiwe yeye.

Kabla ya Ijumaa, fundi anaweza kufanya mambo mawili. Abane bolti zote za flanji kwa spana, si kuzitazama tu. Kisha, kama Hilux hiyo ni ile inayoingizwa 4WD kwa liva pale dereva anapotaka, aitoe propela ya mbele kabisa na kulijaribu gari kwenye 2H, yaani likisukumwa na tairi za nyuma pekee. Mtetemo ukiisha, tatizo liko kwenye propela ile ya mbele, na gari linaweza kutembea bila hiyo mpaka itengenezwe, ilimradi liva isiguswe. Mtetemo ukibaki, tatizo huenda ni propela ya nyuma au mauntingi ya giaboksi, na gari libaki gereji. Mjomba apande basi la Tanga pale kituo cha Magufuli, Mbezi.